Mwandiko wa Burashi: Cotman na Picha za Mto Greta

Neno "mtindo" limezoea kutumika kwa mambo ambayo mtu huyachagua. Kuna mtindo wa nguo, mtindo wa kusuka nywele, mtindo wa kujenga baraza; na kila mmoja waweza kuachwa leo na mwingine kushikwa kesho, bila ya mwili wala moyo wa mwenyewe kugeuka. Kwa kuwa neno ni hilo, wanaosema kwa Kiswahili juu ya mtindo wa mchoraji huelekea kudhani kwamba mchoraji naye husimama mbele ya duka la mitindo, akapima huu na ule, hata akapata unaomkaa. Mwanafunzi wa rangi za maji huambiwa: kazi umekwisha kujifunza, sasa tafuta mtindo wako mwenyewe. Naye huenda akautafuta. Mara nyingi hurudi na mtindo wa mtu mwingine.

Lugha hii inalo neno jingine ambalo lingefaa zaidi kulipimia jambo lenyewe, nalo ni "mwandiko". Hapana mtu achaguaye mwandiko wake. Mtoto aliyepelekwa chuoni katika miji ya pwani alipewa ubao, mwalimu akamwandikia alifu, naye akaifuatisha. Ubao ukaoshwa, akaifuatisha tena. Nia yake yote ilikuwa kufanana na mwalimu. Lakini baada ya miaka mingi, barua yake ilipofika mji wa mbali, mpokeaji aliweza kujua imetoka kwa nani kabla ya kulisoma jina, na mwalimu aliyemfundisha asingeweza kuitaja siku ambayo herufi zile ziliacha kuwa zake yeye. Upekee uliingia kwa mlango wa kuiga, wala hakuna aliyeuona ukiingia.

Kazi ya John Sell Cotman, mchoraji wa Kiingereza aliyezaliwa Norwich mwaka 1782 na kufa London mwaka 1842, yafaa sana kwa kuupima ufananisho huo. Maana nusu ya kwanza ya maisha yake yauthibitisha, na nusu ya pili yautia mashakani.

Yapasa kwanza kuzikumbuka tabia za rangi za maji, kwani bila ya hizo sifa ya Cotman haifahamiki. Rangi ya mafuta ina msamaha. Kosa laweza kukwanguliwa au kufunikwa, na weupe wapakwa juu ya weusi pindi utakiwapo. Rangi ya maji, ile ipitishayo nuru, haina msamaha huo. Weupe wake ni karatasi yenyewe. Nuru yote ya picha hutoka chini, imepita katika rangi ikienda na imepita tena ikirudi, na kila tabaka linaloongezwa huipunguza. Tena maji yana ukaidi wao. Yakiachwa yakauke hujenga ukingo mkali mahali yalipokomea; yakiguswa kabla ya kukauka hutibuka kama matope. Kwa sababu hiyo mchoraji wa rangi za maji hana budi kuamua mapema, si mahali atakapopaka tu, bali mahali atakapoacha. Maamuzi hayo ya kuacha, yakisharudiwa mara elfu na mkono mmoja, ndiyo sehemu kubwa ya kile kiitwacho mtindo.

Cotman alifika London mwaka 1798, kijana wa miaka kumi na sita, akapata kazi ya kupaka rangi picha zilizochapwa. Muda si muda akaingia katika nyumba ya Daktari Thomas Monro, tabibu wa wenye maradhi ya akili, aliyependa sanaa na kuwakaribisha vijana waje kuchora kwake jioni. Desturi za nyumba hiyo zajulikana vyema, kwa sababu Thomas Girtin na J. M. W. Turner, waliotangulia kupita humo, walimweleza Joseph Farington mwaka 1798, naye akayaandika katika kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku. Walifanya kazi kwa Monro muda wa miaka mitatu, kuanzia saa kumi na mbili za jioni hata saa nne za usiku. Girtin alichora mistari ya umbo, na Turner akatia rangi. Na zaidi walinakili kazi za John Robert Cozens, ambaye alirukwa na akili mwaka 1794 na kutibiwa na Monro huyo huyo. Turner alipewa shilingi tatu na nusu kwa kila usiku mmoja.

Ni chuo hasa, kwa maana ile ya ubao na alifu. Vijana wawili ambao baadaye hawakufanana hata kidogo walikaa meza moja wakimfuatisha mtu wa tatu, tena katika karatasi moja, mmoja akitoa mstari na mwenziwe rangi. Haikumdhuru hata mmoja. Waonao kwamba kunakili huua nafsi ya msanii wangefanya vyema kuufikiri usiku mmoja wa nyumba ile kabla ya kusema tena.

Cotman alipoingia huko, Girtin ndiye aliyekuwa mfano wa kufuatwa, na kazi za Cotman za mwanzo, pamoja na zile alizozionyesha katika Royal Academy mwaka 1800, ni kazi za mfuasi. Zina rangi nzito za udongo, anga zito, na mapigo mafupi ya burashi yanayokatika-katika juu ya kuta na majani, kama afanyavyo Girtin. Girtin alikufa mwaka 1802, umri wake miaka ishirini na saba. Cotman alizuru Wales mwaka 1800 na tena mwaka 1802, kisha miaka mitatu mfululizo, 1803, 1804 na 1805, alikwenda Yorkshire wakati wa kiangazi, akakaa kwa jamaa ya Cholmeley huko Brandsby na kuwafundisha mabinti wa nyumba hiyo kuchora. Katika miaka hiyo mapigo mafupi ya Girtin yalianza kumtoka mkononi. Hayakutoka kwa pamoja. Kwanza yaliacha anga, halafu yakaacha kuta. Kwenye majani ya miti yalikawia zaidi.

Mwaka 1805 alikwenda Rokeby, kaskazini mwa Yorkshire, karibu na mto Greta. Picha alizozipata huko ndizo zinazolifanya jina lake likumbukwe. Ile ya Daraja la Greta, iliyomo katika British Museum, ni ndogo. Urefu wake haufiki sentimita thelathini na tano. Daraja la mawe la tao moja lauvuka mto katikati ya karatasi. Mbele yake maji yametulia, na mawe makubwa yametokeza ndani yake. Nyuma kuna nyumba na miti, na juu anga lenye mawingu.

Hakuna zaidi ya hayo, na watalii wengi wa zama zile walikuwa na daraja kama hilo katika madaftari yao. Ajabu iko katika namna sehemu zake zilivyokaa. Kila umbo ni uwanja mmoja wa rangi uliotandazwa mara moja na kuachwa ukauke, na ukingo wake ndio mpaka wake. Hapana mstari mweusi uliozungushwa kuutenga na jirani yake. Uwanja wa jiwe unakomea panapoanza uwanja wa maji, kama vipande vya ukili vilivyoshonwa pamoja. Jiwe halikuviringwa kwa kivuli kinachofifia kidogo kidogo, kama wafundishavyo walimu. Lina pande mbili au tatu, kila upande na rangi yake, na jicho la mtazamaji ndilo limalizalo kuliviringa. Majani hayahesabiki kwa sababu hayakuchorwa. Maji yamepewa heshima ile ile waliyopewa mawe, wala hayakutiwa mikunjo ya kuonyesha kwamba ni maji. Hata hivyo hapana atakayeyadhani kuwa kitu kingine, na baridi yake huhisika.

Picha nyingine ya wakati huo yaeleza zaidi, kwa kuwa jambo lililochorwa ni dogo mno. Ni lango la mbao katika bustani kubwa ya Duncombe, lililotundikwa juu ya kijito ili mifugo isipite, nalo limechakaa. Mchoraji wa desturi angelitia lango hilo pembeni, likiwa pambo la mandhari. Cotman ameliweka mbele, mbao zake chache zikakata karatasi kama herufi, na nyuma yake akatandaza majani katika mabamba ya kijani na hudhurungi yasiyo na kina. Mtu akiuliza picha hii yahusu nini, hana budi kujibiwa kwamba yahusu nafasi zilizo baina ya mbao na mbao. Kuzichora nafasi hizo ilimpasa azizunguke mbao kwa rangi na kuziacha zenyewe. Ndiyo yale maamuzi ya kuacha, ila hapa yamekuwa ndiyo maudhui.

Sasa, je, aliutafuta mtindo huu? Katika barua aliyomwandikia Dawson Turner mwezi wa Novemba 1805, Cotman alieleza kwamba kazi yake kubwa ya kiangazi kile ilikuwa ni kupaka rangi kwa kuufuatisha ulimwengu wenyewe ulivyo, na kwamba nyingi katika picha hizo ni nakala za karibu sana za maumbile, na thamani yao iko hapo. Hakuna neno la mtindo katika maelezo hayo. Mtu ambaye leo husifiwa kwa kuyageuza maumbile kuwa mabamba na mapambo alijiona nafsi yake kuwa mnakili mwaminifu. Wapo waliolisoma jambo hili kama unyenyekevu, na wengine wakaona labda hakujifahamu. Yaelekea zaidi kwamba alisema kweli tupu. Alibadilisha mwalimu tu: alipokuwa akimfuatisha Girtin, sasa aliufuatisha mto, na mkono uliokuwa umekwisha kuzoea kazi, ulipokosa mapigo ya mtu mwingine ya kuazima, ukatoa yake. Ni mtoto yule wa ubao, nia yake kufanana, na matokeo yake kutofanana na yeyote.

Yafaa hapa kuukataa utetezi mmoja ambao Cotman amepewa mara nyingi tangu karne ya 20. Ilipoonekana kwamba picha za Greta zina mabamba bapa na kingo safi, wahakiki walizifananisha na picha za Kijapani zilizochapwa kwa mbao, au na wachoraji wa Ulaya wa miaka mia moja baadaye, wakasema Cotman aliwatangulia. Sifa hiyo ina kasoro. Humpongeza mtu kwa kufanana na watu ambao hakuwajua, kana kwamba thamani ya babu ni kuwa na pua ya mjukuu. Tena huificha sababu iliyo karibu: ubapa wa picha zile ni tabia ya maji yaliyotandazwa juu ya karatasi na kuachwa, na Cotman alikuwa mtu wa kwanza, au miongoni mwa wa kwanza, kuyaachia maji tabia yao bila ya kuyasahihisha. Haikumlazimu kwenda Japani kuyaona maji yakikauka.

Kufika hapa ufananisho wa mwandiko umesimama imara. Mashaka yanaanza Norwich.

Picha za Greta hazikumpatia Cotman riziki London, na mwishoni mwa mwaka 1806 alirudi kwao. Mwaka 1809 alifungua maktaba ya picha, labda shughuli ya ajabu kuliko zote katika maisha yake. Aliyelipa ada aliweza kuazima picha, kuipeleka nyumbani, kuinakili kwa kujifunza, na kuirudisha kuchukua nyingine. Picha zilikuwa mamia, zimetiwa nambari. Yule aliyekuwa akifuatisha alifu ya mwingine sasa akawa mwenye kuandika alifu za wengine. Ni haki yake, na kila mwalimu hufika hapo. Lakini alifu ya ubaoni yapaswa kuwa wazi na isiyo na shaka, ili mtoto aweze kuishika. Picha itakayonakiliwa na binti wa tajiri wa Norwich yapaswa kuwa na kingo zinazoonekana, maumbo yanayokubali kugawanywa, rangi zinazoweza kutajwa. Zile sifa ambazo Greta zilikuwa matokeo, hapa zikawa kanuni.

Ushahidi unaweza kuonekana kwa macho. Mwaka 1810 Cotman alilichora Daraja la Greta mara ya pili, na picha hiyo imo katika jumba la makumbusho la Norwich Castle. Ni kubwa kuliko ya kwanza, na wako wanaoipenda zaidi. Rangi zake ni nzito, maumbo yamenyooshwa, na hapana sehemu iliyosita. Hapo ndipo penye upungufu wake. Katika picha ya kwanza kila ukingo ni mahali ambapo mtu alisimama kwa sababu aliona. Katika ya pili ni mahali ambapo alisimama kwa sababu alikwisha kujua atasimama. Mtindo umefahamika kwa mwenyewe, naye ameanza kuufuatisha. Si picha mbaya, hata kidogo. Wachoraji wengi wangeikubali iwe kilele chao. Ila ni nakala ya mwandiko iliyofanywa na mwenye mwandiko, kama mtu anayetia sahihi yake polepole mbele ya karani ili ifanane na ile ya kwanza. Kila aliyewahi kuamriwa kufanya hivyo ajua jinsi sahihi hiyo inavyokataa.

Miaka ya Great Yarmouth, tangu 1812 hata 1823, yaweza kupitwa upesi. Alikuwa chini ya hisani ya Dawson Turner, mwenye benki na mpenda mambo ya kale, akafundisha jamaa yake, akasafiri Normandy mara tatu, mwaka 1817, 1818 na 1820, na kuchonga juu ya shaba majengo ya kale kwa ajili ya kitabu kilichotoka mwaka 1822. Sindano ya shaba hutaka mistari, wala haina maji. Mtu aliyeijenga kazi yake juu ya kutochora mistari aliichora kwa maelfu, kwa uaminifu mkubwa, ili apate kula.

Aliporejea kwenye rangi za maji hakuwa yule. Picha za miaka ya baada ya 1823 zina buluu kali na manjano ya dhahabu, wakati mwingine zikipiga kelele kama zinazoogopa kutosikiwa. Na huenda ziliogopa kweli, kwa kuwa zilitundikwa katika maonyesho yaliyojaa, baina ya kazi za watu waliojua kuuza. Mwaka 1825 alikubaliwa kuwa mshirika wa chama cha wachoraji wa rangi za maji cha London. Ni miaka ishirini tangu Greta.

Hukumu ya kawaida ni kwamba huku kote ni kuanguka, na kwa buluu zile hukumu hiyo ni vigumu kuipinga. Lakini ifikapo miaka ya 1830 lipo jambo ambalo hukumu hiyo haikulipa haki yake. Cotman alianza kuchanganya rangi zake na uji wa unga, hata zikawa nzito, zenye kukawia kukauka. Uji huo unaondoa hasa kile kilichomfanya: ukingo mkavu. Rangi yaweza kusukumwa, kukwanguliwa, kufunguliwa tena ingali mbichi. Msamaha wa mafuta umeingia katika maji. Na mkono wa mtu wa miaka hamsini, ulionyimwa ukaidi ulioufundisha, ukaanza kutafuta ukaidi mwingine. Baadhi ya picha hizo zina giza lenye kina na nuru iliyokwanguliwa ndani yake, ambayo kijana wa Greta asingeweza kuifikia. Hazifanani na za mwaka 1805. Mtu asiyeambiwa angeweza kusema ni za mchoraji mwingine, na hapo ndipo neno "mwandiko" linapoanza kuyumba: mwandiko wa mtu mzima haubadiliki hivyo. Au tuseme haubadiliki mpaka abadilishiwe kalamu na karatasi, jambo ambalo waandishi wengi hawapatwi nalo.

Mwaka 1834 alipata kazi ya kufundisha kuchora katika skuli ya King's College, London, na miongoni mwa wanafunzi wa skuli hiyo alikuwamo Dante Gabriel Rossetti. Kazi ikarudi kuwa ya kutoa mifano, mamia kwa mamia, yenye nambari, na wanawe wakasaidia kuitengeneza. Mkono wake ukafundishika mno. Hata leo zipo karatasi ambazo wajuzi hushindana kama ni zake au za mwanawe mkubwa, Miles Edmund. Na ni malipo ya ajabu kwa mtu ambaye mwaka 1805 hakuna aliyeweza kumdhania kuwa mwingine. Huzuni iliyomwandama tangu zamani ilimzidi.

Katika majira ya vuli ya mwaka 1841 alikwenda Norfolk kwa mara ya mwisho. Hakuna ada iliyongojea michoro aliyoifanya huko, wala mwanafunzi wa kuinakili. Aliitia katika karatasi kwa chaki nyeusi na nyeupe: mafuriko, miti, nyumba ya babake huko Thorpe karibu na mto. Chaki haitandazwi kama maji, wala haina ukingo. Walakini katika baadhi ya karatasi hizo maumbo yamerudi kukaa ubavu kwa ubavu, yameachwa bila ya kuviringwa, na karatasi imeachwa wazi ifanye kazi ya nuru. Aliporudi London alianza kulichora shamba la babake kwa rangi za mafuta, akafa mwezi wa Julai 1842 kabla hajaimaliza picha hiyo. Imo Norwich, mahali pamoja na Daraja la pili.